Leseni kwanza au bunduki?

SWALI: Ninaishi Reading, Uingereza. Nataka kupiga shabaha kwa burudani tu. Nianze na leseni au bunduki?

JIBU: Usianze na chochote kati ya hivyo. Tafuta klabu iliyoidhinishwa na Wizara ya Mambo ya Ndani. Utakuwa mwanachama wa majaribio kwa angalau miezi 3, ukitumia bunduki za klabu. Usiuone muda huo kama adhabu. Uanachama ndio utakaokupa sababu ya msingi ya kumiliki silaha. Kusema unataka kujilinda hakutakusaidia kitu.

Kisha omba polisi leseni yenyewe, yaani cheti cha silaha, ukiwa na taarifa ya daktari na wadhamini wawili wa tabia yako. Ofisa atakutembelea nyumbani kukagua mahali pa kufungia silaha, kwa kawaida kabati la chuma. Cheti hudumu miaka 5 na hutaja bunduki unayoruhusiwa kununua, kwa hiyo usinunue kabla hujakipata.

Bastola sahau, karibu zote zilipigwa marufuku 1997. Chukua bunduki ya .22 iliyokwisha kutumika: hairudishi teke kali, na risasi zake ni za bei nafuu.