Sura ya 11: Programu Ngeni Ndani ya Kompyuta

Katika sura iliyopita tulijifunza kwamba kompyuta ina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni vyombo tunavyoweza kuvigusa, kama vile kioo, kibodi, prosesa na diski. Sehemu ya pili ni programu, yaani maagizo yanayoviambia vyombo hivyo la kufanya. Sasa tutachunguza jambo linalowatatiza watu wengi. Kwa nini programu inayofanya kazi vizuri katika kompyuta moja hukataa kabisa kufunguka katika kompyuta nyingine iliyo nzima? Na je, yaweza kufanywa ikubali?

Taa na programu

Kabla ya mwaka 2010, umeme wa Pemba ulitoka kwenye majenereta ya dizeli yaliyokuwa kisiwani. Mwaka huo waya mkubwa uliotandazwa chini ya bahari, kutoka Tanga hadi Wesha, ulianza kuleta umeme wa Tanzania Bara. Je, watu wa Chake Chake, Wete na Mkoani walilazimika kununua taa mpya? La. Taa haiulizi umeme umetoka wapi. Ikipata umeme wa nguvu inayoifaa, huwaka.

Programu si kama taa. Programu huuliza mengi, tena huuliza kwa lugha maalumu.

Fikirini programu ya kuandikia barua. Mmemaliza barua, nanyi mnataka kuipiga chapa. Programu haina mkono wa kuishika printa, wala haiendi kwenye diski kuiweka barua. Kazi yake ni kuomba. Huuomba mfumo endeshi, ambao ni programu kubwa inayovisimamia vyombo vyote vya kompyuta. Mfumo endeshi ni kama mtunza ghala. Hakuna aingiaye ghalani mwenyewe. Kila mtu husimama dirishani akataja anachotaka, naye mtunza ghala humletea.

Mifumo endeshi ni mingi. Windows, unaotengenezwa na kampuni ya Microsoft ya Marekani, ulianza kuuzwa mwaka 1985. Linux ulianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, ambaye wakati huo alikuwa mwanafunzi nchini Finland, nao hupatikana bure. Yote miwili hufungua mafaili, huchora juu ya kioo na hupeleka barua kwenye printa. Lakini majina ya maombi na mpango wa vitu havifanani. Windows huiita diski kuu kwa herufi C. Linux hautumii herufi; folda zote huanzia mahali pamoja panapoonyeshwa kwa alama ya mkwaju (/). Katika Windows, ukiwa na faili liitwalo Karafuu, huwezi kuweka jingine liitwalo karafuu ndani ya folda hiyohiyo, kwa maana huhesabiwa kuwa ni jina moja. Katika Linux hayo ni mafaili mawili mbalimbali.

Basi programu iliyotungwa kwa Windows ikiwekwa katika Linux, husimama dirishani na kuomba kitu kilichomo diski C. Mtunza ghala wa Linux hajapata kusikia jina hilo. Kazi husimama palepale.

Kompyuta ya shule

Tuseme shule moja ya Wete ina kompyuta ya zamani yenye Windows 10. Ndani yake imo programu ya kutunzia alama za wanafunzi, na alama za miaka mitano zimehifadhiwa humo. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kutoa marekebisho ya kawaida ya Windows 10. Mfumo usiopata marekebisho huendelea kufanya kazi, lakini matundu yanayogunduliwa ndani yake hayazibwi tena, na wezi wa habari huweza kuyapitia. Kompyuta nyingi za zamani hazikidhi masharti ya Windows 11. Linux waweza kuwekwa humo bila malipo. Lakini programu ya alama ilitungwa kwa Windows. Je, alama za miaka mitano zipotee, au kompyuta nzima itupwe?

Kabla ya kujibu, fanyeni jaribio hili.

Jaribio: Mkalimani wa ghala

Vifaa: ndoo ya mchanga mkavu, kibaba kimoja (au kopo badala yake), chombo kikubwa kitupu, karatasi na daftari.

Chagueni wanafunzi watatu. Wa kwanza ni Programu. Mpeni karatasi yenye maombi manne: Nipe pishi 1 ya mchanga. Nipe pishi 2. Nipe nusu pishi. Nipe frasila 1. Haruhusiwi kusema neno lisiloandikwa. Wa pili ni Mtunza Ghala. Yeye anafahamu vibaba tu, akisikia neno jingine hujibu, "Sifahamu." Wa tatu ni Mkalimani. Katika daftari lake andikeni: pishi 1 ni vibaba 4, nusu pishi ni vibaba 2.

Kwanza, Programu amwombe Mtunza Ghala moja kwa moja. Mkalimani akae kando. Ni nini kilitokea?

Sasa Mkalimani asimame kati yao. Kila ombi lipitie kwake. Alitafute katika daftari, kisha alitaje kwa vibaba. Mtunza Ghala apime na kumimina katika chombo kitupu. Andikeni hesabu ubaoni.

Mtaona kwamba mara ya kwanza kazi haikuanza kabisa. Mara ya pili vilipimwa vibaba 4, kisha 8, kisha 2, jumla 14. Karatasi ya Programu haikubadilishwa hata neno moja. Mtunza Ghala naye hakufundishwa pishi. Kila mmoja alibaki kama alivyokuwa, na mchanga ukapatikana.

Lakini walipofika kwenye frasila kazi ilikwama, kwa sababu neno hilo halimo katika daftari. Wala Mkalimani hawezi kubahatisha. Pishi na kibaba hupima ujazo; frasila hupima uzito. Ili atimize ombi hilo inampasa atafute mizani, yaani atengeneze kitu ambacho ghala halikuwa nacho.

Mkalimani aitwaye Wine

Mkalimani kama huyo yumo katika kompyuta nyingi za Linux. Jina lake ni Wine. Jina hilo lisiwashangaze. Si kinywaji, bali ni herufi za kwanza za maneno ya Kiingereza. Programu ya Windows inapoomba diski C, Wine huielekeza kwenye folda iliyoandaliwa ndani ya Linux. Inapoomba kuchora dirisha, Wine huuomba Linux uchore. Programu haitambui kwamba imo katika nyumba ya mwingine.

Wine ilianza kutungwa mwaka 1993, na toleo la 1.0 lilitoka mwaka 2008. Kwa nini kazi hiyo ilichukua miaka 15? Maombi ambayo Windows hupokea ni maelfu, na mengi hayakuelezwa vizuri mahali popote. Watungaji walilazimika kuupelekea Windows ombi, kulitazama jibu, kisha kutunga maagizo yao wenyewe yatakayotoa jibu lilelile. Hiyo ni njia ileile ya jaribio mnayoitumia darasani. Hata leo daftari la Wine halijajaa. Programu nyingi hufanya kazi vizuri, nyingine huchechemea, na nyingine hukwama kwenye "frasila" yao.

Njia nyingine

Yapo mambo ambayo mkalimani hayawezi. Hapo watu huweka kompyuta ndani ya kompyuta: Linux huendesha programu inayojifanya kuwa mashine nzima, na Windows halisi huwekwa humo. Njia hii hushinda mahali ambapo Wine hushindwa, lakini hula sana kumbukumbu. Kompyuta yenye gigabaiti 4 ikimpa mgeni gigabaiti 2, mwenyeji hubakiwa na 2 tu, na wote wawili hukokota miguu. Tena Windows ya zamani iliyowekwa humo ina matundu yaleyale. Ni salama zaidi isipounganishwa na intaneti.

Pengine tofauti huwa kubwa zaidi, kwa sababu hata prosesa hazifahamu lugha moja. Hapo hulazimika kufasiri kila agizo dogo la prosesa, wala si maombi tu. Apple ilipoanza kuuza kompyuta zenye prosesa za aina mpya mwaka 2020, iliweka ndani yake mfasiri aitwaye Rosetta 2, ili programu za zamani zisiachwe.

Njia iliyo bora ni kuitunga programu upya kwa kila mfumo. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi yenye maneno ya Kiswahili. Ilitolewa kwa Linux na kwa Windows pia. Jambo hilo liliwezekana kwa kuwa maandishi asili ya programu yalikuwa wazi kwa kila mtu. Lakini shule yetu ya Wete haina maandishi asili ya programu yake ya alama. Ina programu iliyokwisha kutengenezwa tu, na mkate uliookwa haurudi kuwa unga.

Kwa shule hiyo, hatua ya kwanza ni kunakili alama zote katika diski nyingine na kuiweka mbali na kompyuta. Kisha Linux na Wine vijaribiwe kwa nakala, si kwa alama zenyewe, na alama za wanafunzi wachache zilinganishwe na zile zilizomo katika kitabu cha mwalimu.

Maswali

1. Kwa nini taa za Pemba hazikubadilishwa mwaka 2010, ilhali programu ya Windows haiwezi kufanya kazi katika Linux bila msaada?
2. Katika daftari la Mkalimani ongezeni kipimo kimoja cha ujazo kinachotumika nyumbani kwenu. Rudieni jaribio.
3. Programu iliomba pishi 3 na nusu. Mkalimani atamwambia Mtunza Ghala vibaba vingapi?
4. Kompyuta ina gigabaiti 8 za kumbukumbu. Windows iliyowekwa ndani ya Linux imepewa gigabaiti 3. Linux umebakiwa na ngapi?
5. Mkalimani akikosea, akaandika kwamba pishi 1 ni vibaba 3, kazi haitakwama. Je, kosa hilo ni dogo au ni kubwa kuliko la kukwama? Jibuni mkiifikiria programu ya alama.