Kijiji Chetu Kimeandikwa Wapi? Namna ya kutafuta ndani ya maktaba ya kompyuta



Swali moja linarudi kila mara katika ofisi za mashirika: "Yaliyotupata kijijini kwetu, je, yameandikwa mahali?" Wanaouliza wana sababu. Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ya The Hague iliamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325 kwa ajili ya vita vya 1998 hadi 2003. Kongo ilikuwa imeomba zaidi ya dola bilioni 11. Majaji waliona kwamba ushahidi mwingi uliopelekwa haukutosha, wakaegemea sana ripoti za Umoja wa Mataifa. Kisha, tarehe 26 Desemba 2022, nchi yetu ilitangaza sheria namba 22/065 kuhusu ulinzi na fidia kwa waathirika, na mfuko wa FONAREV ukapewa kazi hiyo. Familia inayojua ni ripoti gani, ukurasa gani, unaotaja kijiji chake, ina mahali pa kuanzia. Na katika barza zetu za upatanisho, mtu akisema "imeandikwa", ni vizuri tuweze kumwomba atuonyeshe.

Ripoti hizo ni nyingi, na ndefu. Kwa hiyo watafiti na mashirika mengi huziweka katika programu ya kutunza marejeo. Inayojulikana sana ni Zotero, ambayo ilitolewa mwaka 2006 na Chuo Kikuu cha George Mason huko Marekani. Ni ya bure, ina lugha ya Kifaransa, na ikishawekwa kwenye kompyuta inafanya kazi hata intaneti ikikatika. Kila hati inapewa karatasi yake: mwandishi, kichwa, mwaka, na hati yenyewe imefungwa pamoja nayo.

Juu kuna kisanduku kidogo cha kutafutia. Hapo ndipo watu wengi wanapotea, kwa kuwa kisanduku hicho kinatafuta kwa namna tatu. Ya kwanza inaangalia kichwa, mwandishi na mwaka tu. Ya pili inaongeza maelezo mengine ya karatasi hiyo na lebo tulizoziweka sisi wenyewe. Ya tatu inaingia hadi ndani ya maneno ya hati. Kijiji kidogo hakiwezi kuwa kwenye kichwa cha ripoti, basi chagueni hiyo ya tatu.

Hata hapo kuna mtego, na ndio ninaotaka tuuelewe vizuri. Chukueni ripoti ya Umoja wa Mataifa inayoitwa Mapping, iliyotolewa tarehe 1 Oktoba 2010. Inaeleza matukio 617 ya kati ya Machi 1993 na Juni 2003, na ina kurasa zaidi ya 500. Ndani yake kuna habari za operesheni ya mwishoni mwa 2002 iliyopewa jina "Effacer le tableau", yaani kufuta ubao, ambapo watu wa Mambasa, wakiwemo Wambuti wa msituni, walikimbilia upande wa Eringeti, Oicha na Beni. Mtu akiandika "Mambasa" anaweza asione tukio hilo hata kama ripoti imo. Kwa nini? Programu haisomi kurasa zote. Kwa kawaida imepangwa kusoma kurasa 100 za kwanza za kila faili, na ripoti hii inafuata miaka, kwa hiyo kurasa 100 hazijafika 2002. Mwambieni anayekaa kwenye kompyuta afungue mipangilio, aongeze idadi ya kurasa, kisha aiambie programu itengeneze faharasa upya. Ni kazi ya dakika chache.

Mtego mwingine ni barua na hati za zamani zilizopigwa picha au skana. Kwa kompyuta hizo ni picha tu, hazina maneno. Mpaka zipitishwe kwanza katika programu ya kutambua herufi, ama mtu aandike kwa mkono wake majina ya vijiji kwenye lebo.

Halafu majina. Kompyuta inatafuta herufi, haijui mnachokusudia. Milima yetu Wakongo tunaiandika Ruwenzori, ripoti nyingi za upande wa Uganda zinaandika Rwenzori. Tena Ruwenzori ni mlima, ni komini ya mji wa Beni, na ni sekta ya wilaya ya Beni. Beni lenyewe ni mji, na ni wilaya ambayo makao yake makuu ni Oicha. Ugomvi umeshazuka kwa sababu ya idadi za wilaya nzima kusomwa kama za mji. Tafuteni Nande, tafuteni pia Yira. Tafuteni Eringeti, na Erengeti pia. Andikeni "déplacés" kwa ripoti za Kifaransa na "displaced" kwa zile za Kiingereza, kwa maana neno "wakimbizi" halitawapa hata moja kati ya hizo. Maneno mawili yanayokwenda pamoja yawekeni ndani ya alama za kunukuu.

Mwaka nao unadanganya. Ule ulio kwenye karatasi ya hati ni mwaka wa kuchapishwa. Anayetafuta mauaji ya Oktoba 2014 akichagua hati za 2014 pekee, ataziacha zote zilizoandikwa baadaye.

Na kama hakuna kitu kinachotokea? Hiyo haina maana kwamba jambo halikutokea. Watafiti hawakufika kila kijiji. Kiongozi asimwambie mama aliyepoteza watoto wake kwamba "kompyuta imekataa". Amwambie: katika hati hizi, kwa majina haya, hatujapata, sasa tuandike ushuhuda wako vizuri.

Ushuhuda huo, lakini, msiuingize katika mkusanyo huu. Programu ikiunganishwa na akaunti, inaweza kupeleka karatasi kwenye mtandao, na mkusanyo wa kikundi unaweza kufunguliwa kwa watu wote. Majina ya mashahidi, simu zao na mahali wanapolala vikae mbali nayo, penye kufuli.

Zoezi la kikundi: wazee watatu wa kijiji kimoja waandike kwenye daftari majina yote ya kijiji chao, ya zamani na ya sasa, pamoja na mto na kilima cha jirani, na namna wageni wanavyoyakosea. Kisha waende na kijana anayejua kompyuta, na kila ukurasa utakaopatikana waandike jina la ripoti, mwaka na namba ya ukurasa. Je, ni jina gani lililoleta kurasa nyingi, na je, kurasa hizo zinazungumzia kijiji chenu kweli au kingine chenye jina hilo?