Mtoto yuko wodini, na mzazi je?

Barua imetoka Rhotia, kilometa chache kabla ya kuingia Karatu mjini. Mwandishi ni dada ambaye wifi yake amejifungua mtoto wa kike, mtoto wa kwanza. Siku ya nne kichanga kilianza kuhema mbiombio. Kilinyonya kidogo kikaacha, jasho likakitoka kichwani kama mtu aliyepanda mlima. Wakapewa rufaa kwenda Arusha, na kipimo cha moyo kikaonyesha mshipa uliopaswa kujifunga baada ya kuzaliwa bado uko wazi. Baba wa mtoto ni dereva wa watalii na msimu umechanganya, kwa hiyo mama yuko Arusha peke yake.

Ukoo haukukaa kimya, ulichanga. “Tulitumia kundi la WhatsApp tulilokuwa nalo tangu tulipomzika baba mdogo,” anaandika dada huyo, “hatukukumbuka kubadilisha jina. Wifi alipounganishwa akakuta kundi linaitwa Msiba, na chini yake jina la mwanawe na orodha ya waliotoa. Tangu siku hiyo hapokei simu yangu.” Anauliza amfanyie nini wifi yake, pesa zilizochangwa zitumikeje, na kama bibi mzaa mama, anayeishi Endulen ndani ya hifadhi ya Ngorongoro, aambiwe au afichwe.

Kundi hilo lifungwe leo hii, na lifunguliwe jipya lenye jina la mtoto. Kisha dada apande gari aende Arusha mwenyewe, kwa sababu jambo hili halisemeki kwa ujumbe wa simu. Akifika aombe radhi mara moja, bila kueleza ni nani aliyekuwa na kundi lile wala kwa nini. Baada ya hapo aseme neno ambalo inaelekea hakuna mtu aliyemwambia mama huyu tangu atoke Karatu: hongera. Amejifungua salama, ana binti, na binti ana jina. Watu wamekuwa wakimpa pole tupu.

Hapa ndipo familia nyingi zinapokosea, tena kwa nia njema. Mtoto akiumwa, macho yote humwendea mtoto, na mama yake anasahaulika kuwa ni mzazi. Angekuwa nyumbani Karatu wakati huu angekuwa kitandani, maji ya moto yamechemshwa, mtori uko mekoni, mama wakubwa wanapokezana kumbeba mtoto ili yeye alale. Badala yake amekaa kwenye benchi la wodi na mshono unaomuuma. Anakula chapati na soda ya dirishani, na usiku anajikunja juu ya khanga. Kila baada ya saa tatu anaitwa kukamua maziwa kwenye kikombe ili mtoto alishwe kwa mpira. Maziwa hayo ni sehemu ya tiba, kwa kuwa mtoto mwenye moyo unaofanya kazi kupita kiasi anatumia nguvu nyingi kuliko wenzake na anapata shida kuongeza uzito. Mama asiyekula, asiyelala, mwenye hofu, maziwa yake hutoka kwa taabu.

Kwa hiyo msaada wa kwanza ni chupa ya uji wa moto asubuhi, na chakula cha maana mchana na jioni. Bila shaka ukoo una mtu anayeishi Arusha, iwe Sakina, Njiro au Kwa Mrombo. Huyo apewe pesa ya mboga na nyama, apike, apeleke. Khanga safi, pedi, sabuni, kandambili na chaja ya simu huwa havikumbukwi na mtu. Na awepo ndugu wa kike wa kumpokea kila baada ya siku chache, ili aende mahali akaoge na kulala saa sita mfululizo. Ratiba hiyo iandikwe kwa majina na tarehe na ibandikwe kwenye kundi jipya. “Tupo pamoja” isiyo na tarehe haimsaidii mtu.

Watu wa zamu wanawe mikono kila wanapoingia, wafuate saa za kuona wagonjwa, na mwenye mafua abaki nyumbani. Kichanga kisipewe kitu chochote mdomoni ambacho muuguzi hajakikubali: si maji, si dawa ya kienyeji, hata ikiwa imetoka kwa mtu anayeheshimika sana.

Barua inadokeza pia kwamba kuna shangazi ameanza kuuliza mama alikula nini akiwa mjamzito na alipita wapi usiku. Shangazi huyo anyamazishwe kwa adabu, lakini anyamazishwe. Moyo wa mtoto unajengeka katika wiki 8 za mwanzo, wakati ambao wanawake wengi hawajajua hata kama wana mimba. Duniani kote, karibu mtoto 1 katika kila 100 huzaliwa na hitilafu fulani ya moyo, na mara nyingi chanzo hakijulikani. Chache hutokana na mambo kama rubela au kisukari kisichodhibitiwa kwa mama. Kijicho hakimo.

Huu mshipa ulioachwa wazi unaelezeka bila kutisha. Mtoto akiwa tumboni hatumii mapafu, hivyo damu hupita njia ya mkato kati ya mshipa mkuu wa mwili na ule wa mapafu. Akizaliwa akavuta pumzi, njia hiyo kwa kawaida hujifunga ndani ya siku mbili tatu. Isipojifunga, damu nyingi hurudi mapafuni na mtoto anahema kwa kasi. Madaktari wanajua kwamba tatizo hili huonekana zaidi kwa watoto wanaozaliwa sehemu za miinuko, penye hewa nyepesi. Daktari Robert Gross aliufunga mshipa wa namna hii kwa upasuaji huko Boston mwaka 1938. Siku hizi wapo wanaosubiriwa tu chini ya uangalizi, na wapo wanaopewa dawa. Wengine, wakishakua kidogo, hufungwa kwa mrija mwembamba unaopitishwa kwenye mshipa wa paja bila kupasua kifua. Lipi linamfaa binti huyu watasema waliompima. Ndugu wa zamu aingie na daftari, aandike wanachosema, maana mama aliyekosa usingizi hakumbuki hata nusu.

Ikiwa atahitaji zaidi, rufaa itakuwa ya Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015 pale Muhimbili, Dar es Salaam. Kabla ya hapo watoto wengi walilazimika kupelekwa nje ya nchi. Wengine, hasa kutoka Zanzibar, walikwenda Holon nchini Israel kwa msaada wa Save a Child's Heart, shirika lililoanzishwa mwaka 1995 na Dk. Ami Cohen, ambaye mwaka 2001 alifariki akipanda Mlima Kilimanjaro. Huko Holon watoto na waliowasindikiza hukaa katika nyumba moja, na mama aliyefika jana anamkuta mwenzake ambaye mwanawe ameshatoka chumba cha upasuaji. Faraja ya namna hiyo ipo hata kwenye benchi la Arusha. Dada akifika awasalimie wanawake waliokaa pembeni ya wifi yake, na chakula anachobeba kiwatoshe na wao.

Sasa pesa. Kisera, watoto chini ya miaka 5 hutibiwa bure katika vituo vya serikali, lakini kila aliyelaza mtoto anajua kuna dawa na vipimo vinavyonunuliwa, na hospitali za mashirika zina utaratibu wao. Mapema kabisa, mtu wa ukoo aende kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali aeleze hali ya familia, asisubiri bili iwe kubwa. Mchango uwe na mshika fedha mmoja anayetoa hesabu kila Jumapili, na sehemu yake iwekwe kando kwa nauli na malazi ya Dar es Salaam bila kuguswa. Orodha ya nani katoa ngapi isiwekwe mbele ya mama.

Baba naye asiachwe. Sheria ya ajira ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku zisizopungua 3 yenye malipo, ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe, na siku nyingine zisizopungua 4 mtoto anapougua. Hizo 4 aziombe sasa kwa barua. Madereva wenzake Karatu wanajua kupokezana safari, mmoja anamaliza kreta mwingine anachukua wageni kwenda Serengeti. Baba huyo aongee nao, asione haya.

Mtoto akiruhusiwa kurudi Rhotia, nyumba nzima ijue dalili za hatari: midomo kuwa ya bluu, kukataa kunyonya, kuhema kwa kasi hadi mbavu zinaingia ndani, kulegea. Akiwa bado hajatimiza siku 28, ipo namba 115 ya m-mama, inayopigwa bure kwa usafiri wa dharura wa wajawazito, wazazi na watoto wachanga. Akishapita umri huo, awahishwe hospitali bila kusubiri kukuche.

Kuhusu bibi wa Endulen, aambiwe. Habari itamfikia tu, na ikifika kwa mdomo wa mtu wa mnadani itakuwa imeshakuwa msiba. Aambiwe na binti yake mwenyewe kwa simu, au na baba wa mtoto kama binti hawezi, kwa Kimaasai na polepole, kwamba mjukuu yuko hai, ana jina na anatibiwa. Kisha aletwe. Kwa wifi huyu hakuna wa zamu atakayemzidi mama yake mzazi. Geti la Loduare, la kutokea hifadhini, hufungwa saa 12 jioni, hivyo aondoke Endulen na gari la alfajiri. Dada wa Rhotia ampokee Karatu stendi, ampe chakula, wapande wote basi la Arusha. Na kwa kuwa bibi hajazoea Kiswahili cha hospitali, siku mbili za kwanza dada abaki naye hapo wodini hadi wauguzi wamjue.