Mikwaruzo ya mviringo kwenye gari jeusi

SWALI: Naishi Murera. Nimenunua Porsche nyeusi iliyokwisha kutumika. Jua likiipiga, naona mistari ya mviringo bodi nzima. Fundi anataka kuipaka rangi upya. Nikubali?

JIBU: Usikubali bado. Mistari hiyo kwa kawaida imo ndani ya vanishi inayofunika rangi, na chanzo chake ni vumbi la murram linalosuguliwa kwa kitambaa kikavu au kichafu. Pitisha ukucha taratibu: ukikwama, mkwaruzo umezama mno; usipokwama, mara nyingi mkwaruzo unaweza kuondolewa kwa mashine na polishi.

Ila vanishi haina akiba kubwa. Magari mengi yana mikroni 40 hivi, na kila ung'arishaji huipunguza kidogo. Kwa hiyo fundi mzuri hupima unene wa rangi kwanza, hasa kwa gari lililotumika. Kisha huliosha, hutoa uchafu ulioganda kwa udongo maalum, na hujaribu polishi laini kwenye sehemu ndogo, kivulini. Akimaliza, mwombe apanguse sehemu hiyo kwa spiriti ya kufutia mafuta, kisha amulike taa. Mistari ikirudi, ilifichwa tu.

Baadaye paka nta. Unapoosha, mwagia maji mengi kwanza, tumia ndoo mbili, ya sabuni na ya kusuuzia, na usipanguse vumbi kavu kamwe. Vanishi ikiisha, hakuna polishi itakayoirudisha, kwa hiyo ilinde.