Si Kila Aangukaye Ana Kifafa: Uvimbe wa Kongosho na Sukari Iliyoshuka

Tuanze na mfano wa kufundishia. Mama wa makamo huamka alfajiri amelowa jasho, anasema maneno yasiyoeleweka, hamtambui mumewe. Siku nyingine huanguka na kutukutika mwili mzima. Anaambiwa ana kifafa. Anapewa dawa, kiasi kinaongezwa, kisha inaongezwa dawa ya pili, lakini kuanguka hakukomi. Swali moja halijaulizwa: alikula lini kwa mara ya mwisho?

Ubongo hutegemea glukosi, nao hauna akiba ya kutosha. Sukari ya damu ishukapo, mwili kwanza hutoa onyo: jasho, mapigo ya moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka, njaa kali. Ikizidi kushuka, ubongo wenyewe huyumba, na hapo ndipo huja kuchanganyikiwa, kutukutika na kupoteza fahamu. Mgonjwa aliyeshukiwa na sukari mara nyingi huweza hata kukosa onyo la awali, akaanguka ghafla.

Insulinoma ni uvimbe wa seli za kongosho zinazotoa insulini. Kwa mtu mwenye afya, sukari ikipungua seli hizo hunyamaza. Uvimbe huu haunyamazi. Kwa kawaida ni mdogo, chini ya sentimita 2, na takribani tisa kati ya kumi si saratani. Huwapata watu 1 hadi 4 tu katika kila milioni kwa mwaka, ndiyo maana husahaulika. Wagonjwa wengine hunenepa, kwa kuwa wamejifunza wenyewe kwamba kula huwatuliza. Tena fenitoini, dawa ya kifafa, hupunguza utoaji wa insulini. Nafuu kidogo ikipatikana, kosa la utambuzi huzidi kuaminiwa.

Allen Whipple, daktari wa upasuaji wa Marekani, aliweka katika miaka ya 1930 kigezo chenye sehemu tatu: dalili za kushuka kwa sukari, kipimo kinachothibitisha kuwa sukari ni ya chini wakati huohuo wa dalili, na dalili kuondoka sukari irudishwapo. Sehemu ya pili ndiyo ipuuzwayo. Mgonjwa akipimwa saa tatu baadaye, ameshakunywa chai, majibu huwa ya kawaida na faili hufungwa. Kipimo cha tone la damu kidoleni, tena cha bei nafuu, kifanyike angali anatukutika. Damu ya maabara ichukuliwe papo hapo ikiwezekana, bila kuchelewesha glukosi.

Uthibitisho hufanyika hospitalini, kwa mfungo wa hadi saa 72 chini ya uangalizi. Sukari ikiwa chini ya milimoli 3 kwa lita huku insulini na peptidi C zikiwa juu kuliko inavyostahili, insulini hiyo inatoka mwilini mwake, si katika sindano. Vidonge vya kisukari vichochevu vya insulini hutoa picha hiyohiyo, hivyo navyo hutafutwa.

Roscoe Graham alimponya mgonjwa wa namna hii kwa upasuaji mwaka 1929 huko Toronto, mji uleule ilikogunduliwa insulini. Hadi leo upasuaji ndio tiba. Diazoksidi huwasaidia wasioweza kupasuliwa. Baada ya uvimbe kutolewa, dawa za kifafa zisikatizwe ghafla: hupunguzwa taratibu, chini ya daktari.