Mbuzi wa Zizini na Mbuzi ya Nazi

SWALI: Mimi ni mzaliwa wa bara niliyeolewa pwani. Mama mkwe hunituma nimletee mbuzi akunie nazi. Je, jina hili ndilo lile la mnyama?

JIBU: Naam, bibi, ndilo. Mbuzi ni neno la asili ya Kibantu, ambalo Waganda hulitamka embuzi, Washona mbudzi na Wazulu imbuzi. Nasi watu wa pwani, ambao mnazi ni sehemu ya riziki yetu, tumekiita kwa jina hilo hilo kile kibao cha kukalia, chenye chuma kilichotokeza mbele mfano wa shingo na kuchongwa meno nchani, ambapo mkunaji hukizungusha kizio cha nazi hata nyama yake yote iangukie katika sinia, kisha ikamuliwe tui kwa kifumbu, ibaki chicha.

Ama tofauti yao hubainishwa na sarufi: mnyama husemwa "mbuzi wangu amepotea," na chombo "mbuzi yangu imevunjika."

Basi, bibi, ishike kanuni hiyo na uwafunze wanao, kwani upatanisho huo ndio unaozitenga maana hizi mbili.