SOMO LA MWEZI: TAA ZA GARI KUUKUU ZIKIFIFIA



Huku kwetu Kuresoi gari haingoji mapambazuko. Maziwa yanatoka kabla ya jua, viazi vinateremka usiku ili vifike soko la Nakuru asubuhi, na mama mjamzito akishikwa na uchungu hakuna wa kuuliza ni saa ngapi. Magari yenyewe mengi ni ya zamani: Land Rover, Datsun, pikapu za Peugeot 504. Si magari mabaya. Hiyo 504 ilishinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978. Lakini taa zake siku hizi zinawaka njano kama koroboi.

Jioni moja ya ukungu nilikuwa nikitoka Keringet na Land Rover kuukuu. Mzee mmoja na punda wake niliwaona wakiwa hatua chache tu mbele ya bampa. Nilikanyaga breki, Mungu akatuhurumia. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, gari inapita karibu mita 17 kila sekunde. Kesho yake nikanunua balbu mbili mpya. Zikawaka njano vile vile! Pesa ikaenda bure.

Kumbe shida haikuwa balbu. Kumbukeni wanawali kumi wa Mathayo 25. Wote walikuwa na taa. Kilichowatenga ni mafuta. Mafuta ya taa ya gari ni umeme, na katika gari kuukuu umeme huo unapotea njiani.

UNAPOTEA WAPI?

Katika magari mengi ya zamani, umeme wa taa unatoka kwa betri, unapita swichi ya ndani, kisha swichi ya dimu na fulu, halafu unarudi mbele kwa waya nyembamba. Kila kiungo chenye kutu kinakula kidogo. Balbu ikipungukiwa volti sehemu moja kwa kumi, mwanga hupungua karibu theluthi moja. Upotevu mdogo wa umeme ni upotevu mkubwa wa mwanga.

PIMA KABLA YA KUNUNUA

1. Washa injini na taa. Kwa mita, pima betri. Gari ya volti 12 ionyeshe kati ya 13.5 na 14.4. Ikiwa chini ya hapo, angalia mkanda wa feni na alteneta kwanza.

2. Pima nyuma ya balbu ikiwa inawaka. Ukiichomoa, mita itakudanganya. Tofauti na betri isizidi nusu volti. Ile Land Rover ilikuwa 13.8 kwa betri na 10.9 kwa balbu, yaani mwanga haukufika hata nusu.

3. Huna mita? Chukua waya nene, shikisha upande mmoja kwa hasi ya betri na mwingine kwa waya wa taa unaokwenda kwenye bodi. Mwanga ukiongezeka, kasoro iko hapo kwenye bodi.

KUTENGENEZA

Anza na kazi isiyo na gharama. Fungua viungo vya waya na bodi, sugua kwa msasa mpaka chuma king'ae, kaza, paka grisi. Osha kioo cha taa. Kama kioo cha ndani kinachorudisha mwanga kimekuwa cheusi, hicho hakisuguliki; badilisha taa nzima.

Kisha mwambie fundi akufungie rilei mbili, moja ya dimu na moja ya fulu. Rilei ni swichi inayoamshwa na umeme kidogo, nayo inafungulia umeme mwingi. Mguu namba 30 unatoka kwa betri kupitia fyuzi ya ampea 15, iliyo karibu na betri. Namba 87 unakwenda kwa taa kwa waya wa milimita 2.5. Namba 86 unapokea ule waya wa zamani wa taa, na 85 unakwenda kwenye bodi. Toa waya wa betri kabla ya kuanza kazi.

TAHADHARI

Usiweke balbu za wati 100 katika waya za zamani. Swichi itaungua, hata gari. Balbu za wati 60 na 55 zinatosha zikipata umeme wao. Balbu za LED zilizoshindiliwa katika taa za zamani hutawanya mwanga na kumpofusha mwenzako.

Mwisho, seti taa. Simamisha gari mahali tambarare, mita 10 kutoka ukutani. Mwanga wa dimu uishie karibu sentimita 10 chini ya kimo cha taa zenyewe. Fanya hivyo gari ikiwa na mzigo wake wa kawaida, kwa sababu magunia ya viazi yanashusha nyuma na kuinua taa. Na kwa ukungu tumia dimu; fulu inakurudia machoni.

MASWALI YA KIKUNDI

1. Ni magari mangapi ya kijiji chetu yanayotembea usiku na taa hafifu? Nani atayapima?

2. Je, kikundi kinaweza kununua mita moja ya kutumiwa na wote?

3. Sisi tunaotembea kando ya barabara usiku, tunafanya nini ili tuonekane?

Jirani yako yuko mbele yako gizani. Mwone mapema.